Sinema Iliyotangulia kwa Sauti

Mtu apendaye sinema, akitaka kuisimulia tarikhi yake katika nchi zetu, aghalabu huanza kwa kuyahesabu majumba: huitaja Royal ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1921 na ambayo baada ya kuungua ilijengwa upya kwa jina la Majestic, akavuka bahari akazitaja Empire, Avalon na Odeon za Dar es Salaam, kisha, apandapo reli kuelekea bara, hupungukiwa na la kusema, na afikapo mahali kama Mabwerebwere, wilayani Kilosa, hunyamaza kabisa, kwa kuwa vijiji havikujengewa majumba hayo. Mimi niliyeishi kwa mapenzi ya sinema naona kuwa hesabu ya namna hiyo yatudhulumu, kwani watu wengi wa bara waliipokea sinema kwa masikio kabla ya kuipokea kwa macho, na wamo walioupenda wimbo wa filamu umri wao wote wasijaliwe kuiona filamu yenyewe.

Hata mwanzo wake huku kwetu ulielekea huko. Kati ya mwaka 1935 na 1937, katika vilima vya Vugiri karibu na Korogwe, Mwingereza aitwaye L. A. Notcutt na wenzake, kwa fedha za Carnegie kutoka Marekani, walitengeneza filamu 35 za kuwafunza Waafrika mambo ya kilimo, afya na kuweka akiba, na wenyeji ndio waliokuwa waigizaji. Picha zilikuwa katika utepe wa milimita 16, walakini sauti haikuwamo ndani ya utepe: ilirekodiwa mbali, katika santuri, na wakati wa maonyesho santuri hiyo ilipigwa sambamba na picha, hata filamu ile ile ikaweza kusema Kiswahili hapa na lugha nyingine kwingineko. Lori lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Miongoni mwa filamu chache zilizosalia imo moja inayohusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira, jirani na mji wa Morogoro, basi ardhi ya mkoa huu wetu ilikwisha kupigwa picha ya sinema tangu zama hizo. Nimeizingatia sana ile santuri. Kwa wenye mradi ilikuwa njia ya kupunguza gharama. Kwangu mimi ni dalili ya mapema kwamba sauti na picha zaweza kusafiri kila moja kwa njia yake.

Na Kilosa ilikuwa na njia. Reli ya Kati, waliyoijenga Wadachi, ilikwisha kupita hapo kabla ya vita vya 1914. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yaliwakusanya vibarua wa makabila mengi. Na palipo na mshahara, duka na stesheni, santuri haikawii kufika. Serikali nayo ilipeleka magari ya sinema vijijini, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikatoka filamu ya Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Lakini ilipoanza Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, wimbo haukuhitaji tena gari wala reli.

Sinema ya India ndiyo iliyolikamilisha jambo hili. Mwimbaji wa Unguja, Siti binti Saad, alikwisha kuvuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake, na miaka mitatu baadaye mji huo huo ukatoa Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, nayo ilikuwa na nyimbo saba. Baada ya muda ikawa kawaida kwamba mwigizaji hufumbua kinywa na mwimbaji mwingine, asiyeonekana, ndiye aimbaye. Katika Awara ya mwaka 1951 twamwona Raj Kapoor akitembea na kuimba, ilhali sauti ni ya Mukesh na mahadhi ni ya Shankar na Jaikishan. Basi aliyemsikia Mukesh redioni, huku mbali na jumba lolote, hakupewa nusu ya kitu. Alipewa kitu kizima kilichotoka katika koo lile lile.

Kutoka hapo ilikuwa hatua fupi kwa mafundi wa taarabu kuyachukua mahadhi na kuyavika maneno yetu, na hapana aliyesifika kwa kazi hiyo kuliko Juma Bhalo wa Mombasa. Wako wauitao mtindo huo wizi. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa maana mahadhi ya Kihindi hayakutungwa kwa ajili ya mizani na vina vya Kiswahili, na mwenye kuyaoanisha mawili hayo bila ya kuvunja shairi wala kuuharibu wimbo, huyo ni mtunzi kamili. Linganisha na Hatari!, filamu ya Marekani ya mwaka 1962 iliyopigwa pande za Arusha: jina ni letu, wanyama ni wetu, na muziki ni wa Henry Mancini, ambaye kipande chake cha watoto wa tembo kimepigwa duniani kote. Nakipenda kipande hicho kwa dhati. Lakini hata huku Mikumi, ambako mbuga ya taifa ilianzishwa mwaka 1964 na tembo ni jirani wa watu, sijasikia kimetiwa maneno ya Kiswahili.

Zama za kanda za video na vibanda umiza zilipokuja, Lufufu wa Dar es Salaam aliweka sauti yake juu ya filamu za kigeni, akazisimulia kwa Kiswahili, na watazamaji wakachagua kanda kwa ajili ya msimulizi kama walivyochagua kwa ajili ya nyota. Wataalamu wa sanaa waliidharau kazi hiyo, nami naihesabu kuwa katika ukoo mmoja na ile santuri ya Vugiri, ila safari hii aliyeamua la kusemwa alikuwa Mswahili mwenyewe. Laiti vyuo vyetu vingewatuma vijana wenye vinasa sauti hadi Mabwerebwere, Ulaya ya huku Kilosa na Kimamba, wakakae na wazee waziimbe nyimbo za filamu wazikumbukazo, na kila mmoja aulizwe wimbo wake aliusikia wapi kwanza: katika santuri, redioni, kwenye gari la serikali, au kwa mtu aliyeshuka katika treni akiuimba.