Shikamoo Jazz: Wimbo wa Zamani na Haki ya Mwenyewe

Katika nchi ya Wasukuma, kuanzia Mwanza hadi Shinyanga na vitongoji vyake kama Ibadakuli, manju wa Bagika na wa Bagalu walishindana kwa nyimbo tangu karne ya 19. Kila mmoja alijivunia tungo zake, na hadhira ilijua wimbo upi ni wa nani. Muziki wa dansi ulipoenea bara, uenyewe huo ukaanza kutatanika.

Santuri za GV, zilizobeba nyimbo za Cuba, zilitapakaa Afrika Mashariki katika miaka ya 1940 na 1950. Vijana wa mijini walizichukua lahani zake wakazivika maneno ya Kiswahili. Huko Morogoro alikuwako Salum Abdallah na Cuban Marimba. Huko Tabora, jirani ya Shinyanga kwa njia ya reli, Salum Zahoro na Kiko Kids. Mjuzi wa ushairi halishangai jambo hilo. Mtunzi wa utenzi naye hurithi bahari na mahadhi, na sifa yake hutokana na anachokitia ndani yake.

Tatizo lilikuja baadaye. Baada ya uhuru, Redio Tanzania ndiyo iliyorekodi sehemu kubwa ya muziki wa dansi, na kanda zikabaki katika maktaba yake. Bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi: chama cha wafanyakazi, polisi, jeshi. Mwanamuziki alipoondoka, aliacha nyuma gitaa, jina la bendi na sauti yake mwenyewe. Uzee ukamkuta hana chombo cha kupigia wimbo alioutunga.

Mwaka 1993, kwa msaada wa shirika la HelpAge, linaloshughulikia wazee, wakongwe wa bendi mbalimbali walipatiwa vyombo, wakaunda Shikamoo Jazz jijini Dar es Salaam. Zahoro alikuwa mmoja wao. Jina lenyewe lina adabu na lina kitendawili: kwa desturi mdogo ndiye humwamkia mkubwa, na mkubwa huitikia marahaba. Hapa wazee wenyewe ndio waliojiita salamu, kana kwamba wanaikumbusha jamii wajibu iliousahau. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, aliimba pamoja nao. Hivyo taarabu na dansi vikakaa jukwaa moja.

Albamu yao, Chela Chela, ilitoka Uingereza mwaka 1995. Msikilizaji mwenye haraka angeweza kusema kuwa wazee wanarudia ya kale kwa kukosa mapya. Hukumu hiyo haina uadilifu. Anayerudia wimbo wa mwingine huazima. Anayerudia wimbo wake, uliofungiwa katika kabati asilo na ufunguo wake, hudai haki. Magitaa yanayojibizana taratibu na tarumbeta zinazoingia pale shairi linapopumua ni hati ya umiliki iliyoandikwa upya kwa vidole.

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ilitungwa upya mwaka 1999, miaka minne baada ya albamu hiyo. Wengi wa kizazi hicho walikwisha kufariki bila kuonja matunda yake. Waliobahatika kurekodi tena waliacha kitu ambacho sheria peke yake isingewarejeshea: sauti zao za uzeeni, zikiimba maneno yao ya ujanani, kwa majina yao.