Leseni Moja, Barabara Nyingi: Mtihani wa Udereva kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay

Mjadala kuhusu madereva wapya nchini mwetu huibuka kila inapotokea ajali kubwa, na hufifia mara tu matanga yanapoanuliwa. Kauli inayotawala mjadala huo ni kwamba sheria tunayo, kilichopungua ni utekelezaji. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini inatuzuia kuuliza swali la kihistoria lililo zito zaidi: leseni tunayoitoa ilibuniwa kwa ajili ya barabara ipi? Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa ni mahali pazuri pa kuuliza swali hilo, kwa sababu hapo umbali kati ya karatasi na barabara unaonekana waziwazi.

Tuanze mbali kidogo. Jiji la Paris liliweka masharti ya kuwapima waendesha magari mwaka 1893. Prussia ilifuata mwaka 1903, na mwaka 1909 Dola ya Ujerumani ikatunga sheria moja ya magari kwa majimbo yake yote. Uingereza ilipita njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1903 ilimtaka kila dereva awe na leseni, lakini haikumtaka afanye mtihani wowote. Mtu alikwenda kwenye halmashauri ya eneo lake, akalipa shilingi tano, akapewa karatasi. Mtihani ulikuja kuwa wa lazima mwaka 1935, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Kwa hiyo leseni ilizaliwa na wazazi wawili. Mmoja ni hazina, inayotaka kujua nani ana chombo na nani amelipa. Wa pili ni usalama, unaotaka kujua nani anaweza kukiendesha chombo hicho bila kuua watu. Wazazi hao hawajawahi kuwa na nguvu sawa.

Mwaka 1909, Wajerumani walipokuwa wakiunganisha leseni zao huko kwao, Ungoni na Umatengo zilikuwa ndiyo kwanza zinatoka katika Vita vya Majimaji. Mizigo ya nyanda hizi ilisafiri vichwani mwa wapagazi. Pwani ya Nyasa, barabara kuu ilikuwa maji yenyewe: Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, iliunganishwa na dunia kwa meli na mitumbwi. Utawala wa Waingereza ulipoleta sheria za magari Tanganyika, ulileta taratibu zilizokwisha kukomaa mahali pengine, katika miji yenye barabara za lami, makutano na vibao. Mteremko wa kutoka Umatengo kwenda ziwani haukuwamo katika fikra za waliozibuni.

Baada ya uhuru tulitunga Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka 1973, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo inayotuongoza hadi leo Tanzania Bara. Mtu huanza na leseni ya muda ya kujifunzia, ambayo mitaani huitwa lena. Hujifunza, hupimwa na askari wa usalama barabarani, kisha hupewa leseni kwa daraja la chombo chake: A kwa pikipiki, D kwa magari madogo ya binafsi, C kwa magari ya abiria, E kwa magari makubwa ya mizigo, na kadhalika. Wazazi wale wawili wamo humu pia. Polisi ndiyo inayopima, na Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kazi mwaka 1996, ndiyo inayotoa kadi na kupokea ada. Mwaka 2019 muda wa leseni uliongezwa kutoka miaka mitatu hadi mitano, na ada ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Yalikuwa mabadiliko yenye nafuu kwa dereva, lakini msomaji atagundua kwamba yalitangazwa katika hotuba ya bajeti. Maudhui ya mtihani wenyewe hayakuwa sehemu ya mazungumzo.

Je, ni lazima masharti yawe yaleyale kila mahali ndani ya nchi moja? Historia inajibu kwamba si lazima. Katika Muungano wetu, polisi ni jambo la Muungano, lakini leseni ya udereva si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Usafiri wa Barabarani, Namba 7 ya mwaka 2003, na hutoa leseni zake. Huko Uingereza, dereva mpya wa Ireland ya Kaskazini hulazimika kubandika herufi R kwenye gari lake kwa mwaka mmoja na kutozidi maili 45 kwa saa, sharti ambalo mwenzake wa London halijui. Norway nayo imeyaingiza mazingira yake ndani ya mafunzo: mwanafunzi hulazimika kufundishwa kuendesha gizani na juu ya barabara yenye utelezi, kwa kuwa majira yao ya baridi ni marefu. Wanorwei waliitazama barabara yao kwanza, ndipo wakaamua mwanafunzi afundishwe nini.

Sasa turudi Ruvuma. Barabara ya lami kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika katikati ya miaka ya 1980. Lami ya kutoka Peramiho hadi Mbinga ilisubiri hadi muongo wa 2010, na kipande cha Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita zipatazo 66, kimekamilika juzijuzi tu. Hadi Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga mwanzoni mwa muongo wa 2010, mtu wa Liuli au Lituhi aliyehitaji huduma ya kiwilaya alipanda mlima kwenda Mbinga, na huduma ya kimkoa aliifuata Songea.

Katika hali hiyo, sheria moja ilizaa masharti mawili. Kijana wa mjini alikuwa na shule ya udereva, askari wa kumpima na ofisi ya kulipia ndani ya safari moja ya daladala. Kijana wa mwambao alihesabu nauli ya kupanda na kushuka, malazi, na siku za kazi zilizopotea, juu ya ada ileile iliyoandikwa kwenye kanuni. Hakuna kifungu kinachosema kwamba leseni ya Lituhi ni ghali kuliko ya Dar es Salaam. Umbali ulikiandika kifungu hicho bila Bunge.

Kisha ikaja bodaboda. Kanuni za mwaka 2010 zilihalalisha pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa malipo, zikiitambua biashara iliyokwisha kuota mizizi. Kwa Mbinga na Nyasa hii haikuwa anasa. Pikipiki ndiyo inayofika kwenye vijiji vya ngoro ambako gari halifiki, ndiyo inayoshusha gunia la kahawa na kupandisha usipa, na ndiyo inayomkimbiza mama mjamzito zahanati usiku. Wengi walijifunza kwa rafiki, kwenye uwanja wa mpira, kwa saa chache. Mwaka 2021 serikali ilipunguza faini ya makosa ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Nafuu hiyo ilistahili. Hata hivyo, adhabu ilirahisishwa ilhali njia ya kuipata leseni ilibaki na urefu uleule.

Tukiacha gharama, tutazame kinachopimwa. Milima ya Umatengo inapita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita zipatazo 475. Anayetoka Mbinga kwenda Mbamba Bay anashuka tofauti hiyo kwa kona nyingi, wakati mwingine katika ukungu. Dereva anayekanyaga breki mfululizo badala ya kushuka kwa gia nzito huzichemsha hadi zinaposhindwa kushika, na mwendesha pikipiki aliyebeba abiria wawili na mzigo hana nafasi ya kulijifunza somo hilo mara ya pili. Lami imeondoa vumbi na tope, lakini imeongeza mwendo. Kwenye barabara za Mbinga zinapita pia malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, na bandari ya Mbamba Bay itakapopanuka yataongezeka magari yanayoshuka na kupanda. Mtihani unaohitimishwa kwa alama za barabarani na mzunguko mfupi kwenye barabara tambarare haumwambii askari wala abiria kama mtahiniwa anaweza kushuka mlima.

Wapo watakaohoji kwamba mtihani wa kimkoa utazaa leseni za daraja la pili, na kwamba dereva wa Dar es Salaam naye huja Mbamba Bay. Hoja hiyo ni ya haki, na ndiyo inayonifanya nisipendekeze leseni ya mkoa. Ninachopendekeza ni kwamba mteremko, ukungu, tope na uzito wa mzigo viwe sehemu ya mafunzo kwa kila dereva nchini, na kwamba kila mkoa uwapime watahiniwa wake kwenye barabara ngumu iliyo karibu nao. Pamoja na hayo, mpimaji na mashine ya kadi wafuate watu kwa ratiba inayojulikana, kama chanjo na uandikishaji wa wapiga kura vinavyowafuata vijijini.

Hadi sasa tumefanya kinyume. Maudhui ya mtihani tumeyafanya yawe mamoja, kana kwamba nchi yote ni tambarare, na gharama ya kuufikia tumeiacha itofautiane kwa kilomita. Haki ya raia wa Nyasa ingedai gharama ziwe sawa, na mtihani uijue milima yake. Leseni isiyofanya hivyo inathibitisha kwamba mwenye nayo amelipa. Mama anayepanda bodaboda kwenda zahanati usiku anahitaji ithibitishe zaidi ya hilo.