Wanawake katika Hisba na Polisi: Wa Kale Walisema Nini?

Swali linalorudi kila baada ya darsa, Mwisenge ya Musoma na kwingineko, ni hili: yafaa binti wa Kiislamu kuwa askari polisi? Wanaokataa hutaja Hadithi ya Abu Bakra (r.a.) katika Bukhari, kuwa hawafaulu watu waliomtawalisha mwanamke juu yao. Hadithi ni sahihi. Lakini ilisemwa Waajemi walipomtawaza binti wa Kisra, na mjadala wa wanachuoni juu yake ni wa uongozi mkuu na ukadhi. Askari wa kituoni si Kisra.

Ibn Hazm (aliyefariki 456 H) ametaja katika al-Muhalla kuwa Umar (r.a.) alimpa Shifa bint Abdullah usimamizi wa soko. Ibn al-Arabi wa Maliki (543 H) ameikataa riwaya hiyo kwa ukali, na uadilifu unatutaka tulitaje hilo. Basi tusijenge juu ya Shifa peke yake. Ibn Abdil-Barr (463 H) amemtaja Samra bint Nuhayk, aliyepita masokoni akiamrisha mema na kukataza maovu, mjeledi mkononi. Na Imam Ghazali (505 H), Shafii mwenzetu, amesema wazi katika Ihya kuwa sharti za mwenye kufanya hisba hazimtoi mwanamke.

Lenye uzito zaidi kwetu ni kisa cha barua ya Hatib, mwaka wa 8 H. Ali (r.a.) na wenzake walimkuta mbebaji wake, mwanamke, Rawdhat Khakh. Alipokana wakamwambia aitoe au wamvue nguo; akaitoa katika misuko ya nywele. Hiyo ilikuwa dharura, njiani, hapana mwanamke wa kumpekua. Kituoni dharura hiyo yaondoka akiwapo askari wa kike, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 nayo yataka mwanamke apekuliwe na mwanamke. Huyo atatoka wapi, ikiwa kila mzazi amemzuia binti yake?

Tena tuko Mara. Kumkeketa aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu 1998, na mabinti bado wanakimbia kisu. Anayefika Dawati la Jinsia na Watoto amwoneshe nani jeraha lake? Mafakihi walikwishapokea ushahidi wa wanawake peke yao katika yasiyotazamwa na wanaume. Kwetu Mashafii, wanne.

Yabaki masharti: stara, na kuepuka faragha na ajinabi, hasa doria za usiku. Polisi wa Scotland waliikubali hijabu kuwa sehemu ya sare mwaka 2016. Mzazi anayehofia stara ya bintiye apeleke hoja hiyo kwa wakuu wa polisi kabla ya kumfungia mlango.