Mkato wa Safu: Alama Isiyo na Sauti

Wazee wa Ugogo husimulia kwamba jina la Dodoma latokana na neno la Kigogo Idodomya, yaani imezama, kwa kumbukumbu ya tembo aliyezama matopeni alipokwenda kunywa maji. Jina limefupishwa, na asiyelijua umbo lake refu hamwoni tena tembo. Makala hii yahusu jambo la namna hiyo: istilahi hupatwa na nini maandishi yanapokatwa?

Watumishi wa ofisi wanaikumbuka hatimkato, iliyofundishwa katika Chuo cha Uhazili Tabora. Mwandishi wake alichora alama badala ya maneno, lakini kila alama iliwakilisha sauti. Hivyo aliweza kuyasoma tena yote aliyoyaandika.

Lugha za kompyuta zimefuata njia nyingine. Tuchukue mfano wa PHP, iliyotolewa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995. Humo, mwandishi wa programu aliyetaka kuweka thamani kadhaa chini ya jina moja aliandika array(10, 20, 30). Neno la Kiingereza lilionekana, na mfasiri alipata cha kufasiri: safu, kama tusemavyo safu ya milima. Toleo la 5.4, la Machi 2012, liliruhusu kuandika [10, 20, 30], umbo ambalo JavaScript na Python zilikuwa nalo kabla yake. Maana haikubadilika, ila neno limetoweka. Yamebaki mabano mraba, nayo hayana sauti.

Isitoshe, mabano hayo yana kazi nyingine. $bei[0] ni thamani ya kwanza ya safu iitwayo bei, kwa kuwa hesabu huanzia sifuri. Tena, tangu toleo la 7.1, la Desemba 2016, [$a, $b] = $bei humaanisha kuzigawa thamani mbili za mwanzo kwa majina mawili. Alama ni moja, kazi ni tatu.

Mwalimu wa Dodoma, mji uliopata Chuo Kikuu chake mwaka 2007, anapoeleza somo hili kwa Kiswahili hawezi kuyapita mabano kimya. Akikosa istilahi atarudi kwenye Kiingereza, na mwanafunzi ataamini kwamba Kiswahili hakina neno. Hatuna budi, basi, kuzipa kazi hizo majina matatu tofauti: kuunda safu, kuchagua katika safu, na kugawa safu. Mfasiri naye asifasiri alama aionayo, bali kazi inayofanywa na alama hiyo.