Mto Mmoja, Madai Mawili: Maji na Umeme katika Korogwe na Handeni

Mto ambao ramani huuita Pangani, wenyeji wa Korogwe huuita Ruvu. Maji yake huteremka kutoka Kilimanjaro na Meru, hukata nyika, hupita Korogwe, kisha huingia baharini Pangani. Kusini yake imekaa Handeni, nchi ya Wazigua, isiyo na mto mkubwa wa kudumu. Majirani hawa wawili, mmoja ana mto, mwingine hungoja mvua.

Kungoja huko kuna historia nzito. Katika karne ya 19 njaa iliwatoa Wazigua wengi makwao hata wakafikishwa Somalia utumwani. Baadhi ya wazao wao wangali wanasema Kizigua. Waliobaki walichimba visima na malambo, wakatunza misitu ya matambiko ambamo ilikuwa mwiko kukata mti. Tusiite mwiko huo ushirikina mtupu, kwani penye miti udongo hutulia na maji ya mvua hupata nafasi ya kuzama ardhini.

Wakoloni waliutazama mto kwa jicho jingine. Katika miaka ya 1930 maporomoko ya Pangani yalifungwa mitambo ya umeme, na mashamba ya mkonge yakawa miongoni mwa wateja wake. Baada ya Uhuru tulijenga Hale mwaka 1964, na Nyumba ya Mungu nayo ikaanza kutoa umeme. Mwaka 1995 kituo kipya cha Pangani kiliongeza megawati 68.

Faida hiyo haikuja bure. Bwawa la Nyumba ya Mungu liliwapa wavuvi riziki mpya; lakini chini yake mafuriko yaliyokuwa yakinywesha kinamasi cha Kirua yakapungua, na pamoja nayo samaki na malisho ya watu wa huko. Aliyepata na aliyepoteza hawakuwa mtu mmoja.

Katika miaka ya 1970 maji ya Ruvu yalianza kusukumwa kwa bomba kuu hadi Handeni. Hapo ndipo madai mawili yalipofungamana: pampu huhitaji umeme, na mitambo ya umeme huhitaji maji. Ukame unapoushusha mto, taa na mtungi huathirika pamoja. Tena, mwananchi asiyeumudu umeme hupikia mkaa. Miti ya Handeni hukatwa, udongo huchukuliwa na mvua, na malambo hujaa matope.

Kwa hiyo hatusemi mabwawa yavunjwe, wala kwamba lambo la kijiji latosha kuendesha kiwanda. Twasema kila mradi upimwe kwa hesabu kamili: nani atapata, nani atapoteza, na nani atamfidia. Bomba lapaswa kwenda sambamba na lambo, na mtambo sambamba na msitu. Walimu na wanafunzi waanzie karibu: wawaulize wazee lambo la kijiji lilichimbwa lini, nani alilitunza, na kwa nini limekauka. Jibu hilo ni sehemu ya historia ya taifa letu.