Juni 16: Watoto wa Soweto na shule ya Mazimbu

Kila Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, wanafunzi wa huku Kilombero huvaa sare, hubeba mabango na kuandamana hadi uwanjani kumsikiliza mgeni rasmi. Tukiwauliza siku hii ilianzaje, wachache sana wanajua.

Ilianzia Soweto, Afrika Kusini, Jumatano ya Juni 16, 1976. Serikali ya Makaburu ilikuwa imeagiza shule za Waafrika zifundishe baadhi ya masomo, hisabati likiwemo, kwa Kiafrikaans. Lugha hiyo wanafunzi hawakuielewa vizuri, na hata walimu wao wengi hawakuimudu. Agizo hilo lilikuwa sawa na kuambiwa wafeli. Maelfu wakaandamana. Walipanga wenyewe, na wazazi wengi hawakuwa na habari.

Polisi walifyatua risasi. Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, aliuawa. Picha aliyoipiga Sam Nzima, ikimwonyesha amebebwa mikononi, ilizunguka dunia nzima. Miezi iliyofuata waliuawa mamia. Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulianza kuiadhimisha siku hiyo mwaka 1991. Kwetu sisi, kasoro ya maadhimisho ya sasa ni kwamba mabango mengi huandikwa na watu wazima. Ya Soweto waliandika watoto.

Mkoa wetu wa Morogoro unaingia hapa. Vijana wengi walikimbia nchi yao, na baadhi walifika Tanzania bila wazazi, masomo yamekatika njiani. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa ANC, chama kilichokuwa kikipigania uhuru wa Afrika Kusini, shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, karibu na Morogoro mjini. Walijenga madarasa kuanzia chekechea hadi sekondari, hospitali na karakana, wakalima chakula chao. Shule ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyeondoka kwao baada ya Soweto, akajiunga na wapiganaji, akarudi, akakamatwa na kunyongwa Aprili 6, 1979, akiwa na miaka 22.

ANC waliikabidhi Mazimbu kwa Tanzania mwaka 1992. Leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makaburi ya waliofia ugenini bado yapo pale, na anayepanda basi asubuhi Ifakara, kupitia Kidatu na Mikumi, anaweza kuyaona siku hiyo hiyo.