Mkimbiaji na Dola: Habari za Riadha Kando ya Barabara ya Morogoro

Mtu atokaye mjini Dar es Salaam kwa njia ya Morogoro, akiisha kupita Magomeni, Manzese, Ubungo na Kimara, huwasili Mbezi Luis, mahali ambapo wazee wanapakumbuka pakiwa mashamba ya mihogo na mikorosho, kabla mji haujavipanda vilima vyake, na ambapo tangu Februari 2021 pana kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilichopewa jina la Rais Magufuli. Hapo ndipo wanaposhuka leo vijana watokao Mbulu, Karatu, Hanang na Singida, nchi za nyanda za juu ambazo kwa zaidi ya nusu karne zimeipatia Tanzania wengi wa wakimbiaji wake mashuhuri. Na kwa sababu hiyo, mwenye kutaka kusimulia tarikhi ya riadha yetu, na namna ilivyofungamana na siasa za ulimwengu, hapati mahali pafaapo zaidi pa kuanzia kuliko kando ya barabara hii.

Uwanja wa Taifa ulikuwako, huko Temeke, tangu mwaka wa uhuru, lakini kwa mapenzi ya watu wa mji ulikuwa mali ya kandanda. Wanariadha wetu wa kwanza wa Olimpiki walipelekwa Tokyo mwaka 1964 kwa jina la Tanganyika, ijapokuwa Muungano na Zanzibar ulikwisha kufungwa Aprili ya mwaka ule ule, na jina la Tanzania likaja kutangazwa siku chache baada ya michezo kwisha. Miaka minne baadaye, katika Mexico, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka katika marathoni akaumia goti, akafungwa bendeji, akachechemea hata akaingia uwanjani usiku, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Kisa hiki kimesimuliwa kiasi cha kuchosha, nami sitakirefusha; linalostahili kuangaliwa ni kwamba tangu usiku ule mkimbiaji wa Tanzania alitambulikana ugenini kuwa mjumbe wa nchi yake, wala si mtu anayejikimbilia nafsi yake.

Mjumbe mkubwa kupita wote alikuwa Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu mwaka 1953, askari wa Jeshi la Wananchi. Zama zile mwanariadha hakuwa na mfadhili wala zawadi za fedha za kutajika. Alikuwa mtu wa jeshi, wa polisi au wa magereza, au pengine mwalimu, akila mshahara wa serikali na kupewa ruhusa ya mazoezi. Imesimuliwa mara nyingi kwamba Bayi, akiwa Dar es Salaam, alikuwa akijinoa kwa kushindana na mabasi ya mjini. Yawezekana, maana hata mashindanoni hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya wenziwe akiungojea mzunguko wa mwisho, bali alitangulia tangu bunduki inapolia, akawaachia wengine kazi ya kumfukuza. Mwaka 1973, huko Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya. Na tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, alizimaliza mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, mwenyeji John Walker akimkaribia mgongoni, na wote wawili wakawa wameipita rekodi ya Mmarekani Jim Ryun iliyodumu tangu 1967. Mei 1975, huko Kingston, Jamaica, akaichukua na rekodi ya maili.

Basi ulimwengu ukawa unaingoja Olimpiki ya Montreal, ambako Bayi na Walker wangekutana tena. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, ilhali damu ya watoto wa Soweto, waliopigwa risasi tarehe 16 Juni 1976, haijakauka. Waafrika walidai New Zealand iondolewe. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, nayo haina hukumu juu yake. Tanzania ikawa miongoni mwa dola za kwanza kujitoa, na zaidi ya nchi ishirini za Kiafrika zikakaa nje. Walker alitwaa dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.2, sekunde saba nyuma ya rekodi ya Bayi, ingawa insafu yataka isemwe kwamba fainali za Olimpiki aghalabu hukimbiwa kwa hila kuliko kwa kasi, na kwamba Bayi mwenyewe alikuwa ametoka kuugua malaria. Naona uamuzi ule ulikuwa wa haki, na madhali serikali ndiyo iliyomlisha mkimbiaji, ilikuwa na mamlaka ya kumzuia; lakini deni lililotangazwa kwa jina la taifa zima lililipwa na watu wachache, tena katika miaka ya ujana wao isiyorudi.

Hesabu ya Montreal ilifunguliwa tena Februari 1980, hapa hapa Dar es Salaam. Majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia Afghanistan, na Rais Carter wa Marekani, akitaka Afrika isusie Michezo ya Moscow, akamtuma bondia Muhammad Ali awe balozi wake, safari ikianzia Tanzania. Waandishi wa habari walimkabili kwa swali lisilokuwa na jawabu jepesi: kwa nini Mwafrika aifuate Marekani katika kususia, ilhali Marekani haikumfuata yeye mwaka 1976? Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea, kwa kuwa kutumiwa mwanamichezo kuja kujadili mambo ya dola aliona ni kuvunjiwa heshima. Ali akaachiwa waziri wa vijana na utamaduni. Nchi iliyokuwa imewafanya wakimbiaji wake wajumbe haikukubali kutumiwa bondia awe mjumbe kwake, na sidhani kwamba kejeli hiyo iliwapita wanariadha wenyewe.

Kenya ilisusia, Tanzania ikaenda Moscow. Bayi, aliyekwisha kuhamia mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, aliongoza kama ada yake hata Bronisław Malinowski wa Poland alipompita katika mzunguko wa mwisho, akapata fedha. Na Suleiman Nyambui akapata fedha nyingine katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hadi Michezo ya Paris ya 2024 ilipokwisha, nishani hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imezipata katika Olimpiki.

Baadaye dola ilipungukiwa mali, na mashindano ya ng'ambo yakaanza kulipa fedha, hata Juma Ikangaa, naye mtu wa jeshi, akashinda marathoni ya New York mwaka 1989. Bayi aligeukia elimu: akafungua shule Kimara, na nyingine Mkuza, Kibaha, hivi kwamba Mbezi Luis imekaa katikati ya shule zake mbili. Yale ambayo zamani serikali iliyatenda kwa mshahara wa askari, yeye aliyajaribu kwa madarasa na ada za wazazi; ni kazi ya taadhima, lakini mtu mmoja hawezi kuwa jeshi, polisi na magereza kwa pamoja.

Septemba 2025, katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, Alphonce Simbu wa Singida alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akamtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika mashindano hayo. Mji ulikuwa Tokyo, na Simbu ni askari wa Jeshi la Wananchi.